Ung'eng'e wa Bob Marley: Chunga hiyo koma!

Pita Mirongo jioni yoyote, kuanzia darajani hadi upande wa Mlango Mmoja, usikie ung'eng'e unavyomwagika. Kinyozi anaimba Kiingereza. Muuza mitumba anaimba Kiingereza. Kondakta anayelala na Kisukuma na kuamka nacho, naye anaimba Kiingereza, tena haachi hata silabi. Sasa jaribu kumwuliza wimbo unasema nini. Atakushangaa wewe: "Si mambo ya mapenzi hayo, kaka!"

Mimi ni katika wanaoamini kwamba muziki ni mwalimu mzuri wa lugha. Lakini ni mwalimu anayetaka kusimamiwa, la sivyo anakupoteza njia huku unacheka.

Chukua "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, iliyotoka mwaka 1974 katika albamu ya Natty Dread. Vijana wengi, hasa wale walioachwa solemba na wachumba, huitafsiri hivi: "Bila mwanamke, hakuna kilio." Yaani kaa peke yako, ndugu yangu, uishi kwa raha. Nimewahi kumsikia bwana mmoja akiitumia kumtetea rafiki yake asiyetaka kuoa!

Kumbe masikini Marley alikuwa anasema kinyume kabisa. Kile ni Kiingereza cha Jamaika, na ile "no" ya pili ndiyo "usi" yetu. Weka koma baada ya "no" ya kwanza, uone mambo yanavyobadilika: "Hapana, mama, usilie." Ni mwanaume anambembeleza mwanamke, akikumbuka siku za dhiki kule Trenchtown, mtaa wa walalahoi mjini Kingston. Hata mtunzi aliyeandikwa kwenye wimbo ni Vincent Ford, rafiki yake Marley wa hukohuko, aliyekuwa na jiko la kulisha wenye njaa. Sasa wapi na wapi na mambo ya kukimbia kuoa?

Tatizo ni kwamba sisi tuna "hapana", "hakuna" na "usi", kila kimoja na kazi yake. Hao wenzetu wa Jamaika "no" moja wanaitembeza kote.

Si suala la kuchekeshana tu. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akigusa kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza wanafunzi wa sekondari nchini wakakuta wengi Kiingereza chao hakitoshi kusomea masomo mengine. Ndiyo maana mtoto akishika redio au simu na kujifunza neno moja la bure, mwacheni ashike. Ila awe na kamusi pembeni. Ile ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, mpaka leo inafaa.

Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, kamaliza kidato cha nne, aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja. Akaulizwa anapenda kufanya nini siku za mapumziko. Akajibu kwa kujiamini: "I play music every Saturday." Msaili akafurahi, akamwuliza anapiga chombo gani. Kijana akasema: "No, I play with my legs." Basi bwana, kicheko hicho! Kazi akapewa mwingine.

Kosa lake ni la Kiswahili chetu. Kwetu kucheza muziki ni kutikisa kiuno, ambako kwao ni "dance". Wao wakisema "play music" wana maana ya kupiga ala. Na hii "piga" yetu nayo ni balaa: tunapiga gitaa, tunapiga tarumbeta, tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi. Ukisema "I beat the guitar" watadhani gitaa limekukosea adabu. Gitaa ni "play the guitar", na hiyo "the" usiisahau, ingawa kwenye mpira ni "play football" bila "the". Usiniulize kwa nini, nenda kamwulize Malkia Elizabeth, ila naye alifariki mwaka 2022. Kusikiliza ni "listen to", na "music" haina wingi, kwa hiyo "musics" iache kabisa.

Halafu kuna "gonna", "wanna" na "ain't". Kwenye wimbo ni asali, kwenye karatasi ya mtihani ni sumu. Mtahini hachezi reggae.

Utamu wenyewe uko kwenye misemo. "Face the music" si kugeukia spika. Ni kukabili matokeo ya ulichofanya, kama yule aliyempa binti wa watu mimba na sasa anaitwa na wazee. "Blow your own trumpet" wao hupuliza tarumbeta, sisi hujipigia debe. Na "steal the show"? Nenda Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo mwezi Juni. Wagika na Wagalu hucheza ngoma wakati mmoja, kila upande ukivutia watu kwake, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Hao ndio "wameiba" onyesho, na hakuna haja ya kuita polisi.

Upo pia "play second fiddle", kuwa wa pili nyuma ya mwingine. Huo nauweka kiporo mpaka wiki ijayo, maana kuna nyumba ndogo moja huku kwetu iliyouelewa kuliko mimi.