Mguu Usiosikia Moto

Katika lugha yetu tunaita vitu viwili kwa jina moja: mshipa. Mshipa wa damu ni kama mfereji, damu inapita ndani yake. Mshipa wa fahamu ni kama uzi. Huo huchukua habari. Ukikanyaga mwiba, ndio unaopeleka habari kichwani. Hao ni kama watoto wawili waliokulia nyumba moja.

Mtoto angali tumboni mwa mama yake, mishipa ya fahamu huingia ngozini na kutoa kitu kinachoita mishipa ya damu ikue karibu nayo. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitazama ngozi ya panya waliokuwa bado tumboni. Mahali mishipa ya fahamu ilipopotea njia, mishipa ya damu iliifuata huko huko. Mahali isipokuwapo, ile ya damu haikukomaa vizuri. Mshipa wa damu nao hutoa vitu vinavyovuta mshipa wa fahamu uje kushikamana na ukuta wake. Tangu hapo mmoja hulisha, mwingine huamuru: jibane kwa baridi, panuka kwa joto.

Sasa fikiri juu ya ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya damu, hata ile inayolisha mishipa ya fahamu. Basi mishipa ya fahamu hufa polepole, mara nyingi kuanzia vidole vya miguu. (Ukoma nao huiua, lakini kwa njia nyingine.) Usiku wa Masisi ni baridi, nawe unanyosha miguu karibu na moto, ngozi inaungua, na wewe unaendelea kuzungumza. Huko Walikale unatembea msituni mchana kutwa na buti za mpira, na jiwe dogo limo ndani. Jioni unaona damu, ndipo unajua. Na kidonda hicho hakiponi upesi, kwa kuwa damu haifiki vema.

Wagonjwa husema, "Hakiumi, basi si kitu." Ndugu, kutokuuma ndiko kubaya.

Ukiwa na ugonjwa huu, tazama nyayo zako kila jioni penye mwanga. Ukishindwa kuinama, mtoto akutazamie. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Usiote moto kwa miguu, vaa soksi. Ukiona lengelenge au kidonda, njoo hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni siku ya soko.