Safari ya Mswada: Jinsi Jarida la Kitaaluma Linavyofikia Uamuzi

Utangulizi

Mnamo 1964, wakulima wa Kenya walipata mbegu chotara ya mahindi ya H611, iliyotokana na utafiti wa kituo cha kilimo cha Kitale. Siku hizi aina mpya ya mbegu haiuzwi kwa sababu tu mzalishaji wake anaisifu. Hupandwa kwanza katika maeneo mbalimbali na kulinganishwa na aina zilizopo, chini ya usimamizi wa shirika la KEPHIS. Mzazi wa mbegu hawi hakimu wa mbegu yake. Majarida ya kitaaluma nayo yamejengwa juu ya msingi uo huo. Nyani haoni kundule. Kwa hivyo kazi ya mtafiti sharti ipitiwe na macho ya wengine.

Suala hili lawagusa wanafunzi moja kwa moja. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamili achapishe angalau makala moja, na wa uzamifu makala mbili, katika majarida yanayohakikiwa. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, barua ya mhariri yaweza kuamua mwaka wa kuhitimu. Makala haya yanaeleza yanayotendeka kati ya siku mswada unapotumwa na siku barua hiyo inapowasili.

Meza ya mhariri

Mswada huanzia kwa mhariri. Yeye hutazama iwapo mada inaingia katika uwanja wa jarida, iwapo ikisiri inaeleza jambo jipya, na iwapo mwandishi amefuata mtindo wa marejeleo unaotakiwa. Wizi wa kitaaluma pia huchunguzwa hapa, aghalabu kwa programu ya kompyuta. Miswada mingi hukomea mezani hapo, na mara nyingi sababu si ubovu wa kazi bali kutumwa mahali pasipofaa.

Utafiti unaohusu binadamu una sharti la ziada. Mnamo 2018, jarida la PLOS Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Bungoma na Trans Nzoia. Wahudumu wa afya ya jamii waliwapima watu malaria, na aliyepatikana na vimelea akapewa hati ya kumpunguzia bei ya dawa mseto dukani. Jaribio la aina hii huhitaji idhini ya kamati ya maadili na kusajiliwa rasmi. Pasipo hayo, mhariri makini hampelekei mhakiki yeyote mswada huo.

Kazi ya wahakiki

Mswada ukivuka meza ya mhariri, hupelekwa kwa wahakiki wawili au watatu waliobobea katika uwanja huo. Kwa kawaida hawalipwi. Katika baadhi ya majarida mhakiki humjua mwandishi lakini mwandishi hamjui mhakiki. Katika mengine, hasa ya lugha na fasihi, majina ya pande zote mbili hufichwa. Utaratibu huu si wa kale kama wengi wanavyodhani. Jarida la Philosophical Transactions lilianza London mnamo 1665, lakini Nature lilifanya uhakiki wa nje kuwa kanuni mnamo 1973.

Mhakiki hutafuta uhusiano kati ya dai na ushahidi. Mnamo 1997, Zeyaur Khan na wenzake walieleza katika Nature kwamba nyasi ya Melinis minutiflora, ikipandwa kati ya mahindi, hupunguza viwavi wanaotoboa mabua na huwavutia nyigu wanaowashambulia viwavi hao. Utafiti huo ulikuwa sehemu ya juhudi zilizozaa kilimo cha sukuma-vuta, kilichojaribiwa na wakulima wa Trans Nzoia. Dai la namna hiyo huzua maswali: Je, palikuwa na shamba la kulinganishia lisilo na nyasi? Jaribio lilirudiwa mara ngapi? Je, tofauti iliyoonekana yaweza kuwa ya bahati tu?

Katika isimu maswali ni yayo hayo. Mwandishi akidai kwamba Kibukusu kimeathiri matamshi ya Kiswahili mjini Bungoma, ataulizwa wasemaji walichaguliwaje, walikuwa wangapi, na iwapo sifa hiyo haipatikani kwa wasiojua Kibukusu.

Uamuzi

Wahakiki hushauri, mwenye kuamua ni mhariri. Hahesabu kura, bali hupima hoja, na maoni yakikinzana aweza kumwita mhakiki mwingine. Majibu huwa manne: kukubaliwa bila mabadiliko, jambo ambalo ni nadra, marekebisho madogo, marekebisho makubwa, au kukataliwa. Wanafunzi wengi husoma "marekebisho makubwa" kama kukataliwa, wakaufungia mswada kabatini. Hilo ni kosa, kwa maana mlango ungali wazi. Mwandishi hujibu kila hoja kwa barua, na pale asipokubaliana na mhakiki hutoa ushahidi kwa adabu. Aliyekataliwa aweza kujaribu jarida jingine, ila si majarida mawili kwa wakati mmoja.

Mipaka na hatari

Uhakiki si kinga kamili. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilipita katika The Lancet, ikaja kufutwa 2010. Katika nyanja zenye wataalamu wachache, kama vile isimu ya Kibantu, mhakiki huweza kumtambua mwandishi hata jina likifichwa.

Hatari kubwa zaidi ni majarida bandia, yanayopokea ada na kuahidi kuchapisha baada ya siku chache. Ada pekee si dalili, kwani majarida huria mengi yanayoheshimika hutoza pia. Dalili ni bodi ya uhariri isiyojulikana, sifa nyingi, na ukosefu wa maswali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hitimisho

Mwanafunzi anayekimbilia jarida lisilouliza maswali hupata cheti cha kuchapisha, lakini hupoteza wasomaji wa kwanza ambao wangemwonyesha penye kasoro. Mkulima wa Kitale hujua hasara ya mbegu isiyopimwa pale msimu unapokwisha. Hasara ya makala yasiyopimwa huchelewa kuonekana, na hulipwa na wale watakaoyaamini.