Ahadi ni Deni: Namna Wanafunzi wa Vyuo Wanavyoweza Kuwajibishana Kiafya

Muhula mpya unapoanza, wanafunzi wengi hujiwekea azimio. Mmoja anasema ataamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukimbia. Mwingine anaapa kuacha soda. Wiki ya kwanza mambo huenda vizuri. Wiki ya tatu mvua inanyesha, mtihani unakaribia, usingizi unanoga. Kufikia katikati ya muhula azimio limekufa, na kwa kuwa hakuna aliyelijua, hakuna anayeliuliza.

Mara nyingi kiini cha tatizo si uvivu. Kijana aliyelelewa Kinango, Lungalunga au Matuga amezoea nyumba yenye macho mengi. Mama huuliza kama amekula. Bibi humtuma kisimani au dukani. Shule ya upili ilikuwa na kengele, uwanja na mwalimu wa michezo. Akifika chuoni na kupanga chumba Ukunda au Msambweni, macho hayo yote huondoka siku moja. Anakula anachotaka, analala anapotaka, na bodaboda humfikisha mlangoni.

Makala haya yanaeleza njia moja isiyo na gharama ya kujaza pengo hilo, nayo ni kuwajibishana. Maana yake ni kumpa mtu mwingine ruhusa ya kukuuliza kama umetimiza ulichoahidi, nawe ukubali kumjibu ukweli.

Kwa nini jambo hili lianze mapema

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, huku zaidi ya nusu ya waliohojiwa wakisema hawajawahi kupimwa. Asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha.

Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila maumivu, kisha likajitokeza kwa kiharusi, moyo kudhoofika au figo kushindwa kazi. Mazoea yanayochangia hali hiyo, kama chumvi nyingi, sukari nyingi na kukaa kutwa nzima, huota mizizi katika umri wa chuo.

Familia nyingi za Kwale zimeuza mbuzi, nazi na korosho ili mtoto asome, na kaunti imewalipia karo vijana wengi kupitia mpango wa Elimu ni Sasa. Elimu hiyo itahitaji mwili wenye afya wa kuitumia.

Funzo kutoka kwenye chama

Wakazi wa Kwale hawahitaji kufundishwa maana ya kuwajibishana. Wanawake wengi wako katika vyama vya mzunguko. Mwanachama ambaye hawezi kuweka shilingi 200 chini ya godoro bila kuzigusa ndiye huyo huyo anayepeleka mchango wa chama kila wiki bila kukosa. Pesa ni zile zile na mtu ni yule yule. Kinachobadilika ni mambo manne: kiasi kinajulikana, siku inajulikana, kuna watu wanaosubiri, na asiyeleta ana adhabu.

Azimio la afya hufa kwa sababu mara nyingi halina hata moja kati ya hayo. Kauli kama “nitafanya mazoezi zaidi” haitaji kiasi, siku, shahidi wala adhabu.

Hata wanariadha wakubwa hawajitegemei. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi. Nyumbani Kaptagat, alijenga jina lake akifanya mazoezi na wenzake kambini, na anajulikana kwa tabia ya kuandika mazoezi yake daftarini. Ikiwa bingwa wa Olimpiki anahitaji wenzake na daftari, mwanafunzi hana haja ya kuona aibu kuvihitaji.

Jinsi ya kuunda chama cha afya

Tafuta wenzako wawili au watatu. Kundi kubwa humficha asiyefika. Afadhali wawe jirani wa chumba au wa darasa, watu mnaoonana bila kupanga. Asiwe lazima rafiki wa karibu mno, kwani rafiki wa namna hiyo huwa mwepesi wa kusamehe.

Taja kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, kama kukimbia. Aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Anayeanza kutoka sifuri aanze na dakika 10, kisha apande polepole.

Taja siku, saa na mahali. “Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, langoni” ni ahadi inayoweza kuulizwa. Wenzako wakiwa wamesimama langoni, kubaki kitandani kunakuwa kugumu kuliko kuamka.

Andikeni. Daftari moja la shilingi chache linatosha: jina, siku, alama ya vema au mkasi. Kundi la WhatsApp nalo hufaa, mradi lisigeuke la vichekesho.

Wekeni adhabu nyepesi. Msichukue pesa, kwa kuwa wengi hawana. Aliyekosa bila sababu achote maji ya wenzake, au apike maharagwe ya Jumapili. Adhabu iumize kidogo na ichekeshe kidogo.

Kutaneni dakika 10 kila wiki. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Nimetimiza nini? Nimekwama wapi? Wiki ijayo naahidi nini? Mkutano huu mfupi ndio moyo wa chama.

Msikate tamaa mapema. Watafiti wa London waliofuatilia watu 96, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka. Wengine walihitaji siku 18 tu, na makadirio ya waliokawia zaidi yalifika siku 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Siku 66 ni kama miezi miwili na ushei, muda unaoingia ndani ya muhula mmoja.

Mazoezi yanayofaa Pwani

Joto na unyevu wa Pwani si jambo la kupuuzwa. Saa nzuri ni alfajiri au baada ya alasiri jua likishapoa. Beba maji, na ukihisi kizunguzungu simama.

Ufuo wa Diani ni uwanja wa bure. Maji yakipwa, mchanga huwa mgumu na tambarare, mzuri kwa kukimbia. Yakijaa, ufuo hubaki mwembamba, hasa wakati wa bamvua. Kwa hiyo chama kinachotumia ufuo kiulize wavuvi au kiangalie ratiba ya maji kabla ya kupanga saa. Wasio karibu na bahari wanaweza kutumia uwanja wa kijiji, kuruka kamba, kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, au kubeba mtungi wa lita 20 kutoka bombani, ambao nao ni mazoezi ya misuli.

Barabara ya Likoni hadi Lungalunga ina magari ya kasi. Anayetembea kando yake atumie upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia, na avae nguo za rangi angavu kukiwa na giza. Wasichana, na hata wavulana, wasikimbie peke yao kabla ya kupambazuka. Hiyo nayo ni faida ya chama: usalama uko katika wingi.

Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wanaweza kusogeza mazoezi hadi karibu na magharibi au baada ya tarawehe, na kupunguza uzito wake. Chama kizuri hubadilisha ratiba bila kumwacha mwanachama.

Sahani nayo iulizwe

Viazi karai, bajia, chipsi na mahamri ni vitamu na ni rahisi kupata, lakini visiwe chakula cha kila siku. Soda ya kawaida ya nusu lita yaweza kuwa na takriban gramu 50 za sukari, ambacho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000. Kwa chumvi, mwisho ni gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku.

Kwale ina machungwa, maembe, mapapai, mihogo, kunde, mchicha na samaki. Wanafunzi watatu wakichanga na kupika pamoja, mbaazi na mboga za majani hugharimu kila mmoja kidogo kuliko chipsi za kibandani. Ahadi ya chama yaweza kuwa nyepesi: tunda moja kila siku, maji badala ya soda siku za masomo.

Pimeni pamoja

Chama kiweke siku moja kila muhula ya kupima shinikizo la damu. Kipimo chini ya 120/80 ni kizuri. Kikifika 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, mhudumu wa afya anapaswa kumwona mhusika. Vipimo hufanywa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao kote nchini mwaka 2023, pia hupima vijijini. Mwanafunzi ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anaweza kubonyeza *147#.

Mwenye pumu, maradhi ya moyo, selimundu au ujauzito azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito.

Mpaka wa kuwajibishana

Kuuliza si kusuta. Chama kihesabu matendo, kisihesabu kilo. Mtu ana uwezo wa kuamua kutembea nusu saa, lakini hana uwezo wa kuuamrisha mzani. Kumcheka mwenzako kwa unene au wembamba, au kumpiga picha bila ridhaa, huua chama na huweza kumsukuma mtu kujinyima chakula. Kinachosemwa katika mkutano kibaki humo.

Kuna jambo jingine. Mwanafunzi anapokosa langoni mara tatu mfululizo, huenda hakulala. Huenda pesa za matumizi zimekwisha na hajala tangu jana, au ana huzuni ambayo hajamwambia mtu. Swali la “mbona hukuja?” likiulizwa kwa upole, laweza kuwa la kwanza alilosikia wiki nzima. Jibu likiwa zito kuliko mazoezi, wenzake wamsindikize kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya.

Anayetaka kuanza hahitaji fomu wala jimu. Aseme ahadi yake leo mbele ya mwenzake mmoja: siku gani, saa ngapi, wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.