Shule Zikifungwa, Mtoto Afanye Nini?

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukiisha au Novemba ukianza, shule za Kenya hufungwa kwa likizo iliyo ndefu kupita zote, na watoto hawarudi darasani mpaka Januari. Kwa mtoto aliye shamba likizo hiyo haina taabu kubwa, maana mvua za vuli zimekwisha kunyesha, magugu yameota, mbuzi wataka mchungaji na bibi ataka kuni. Lakini katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo, kupita Kaloleni, Makongeni na Jericho, hata Umoja, Kariobangi na Dandora, mambo si hivyo. Baba huondoka alfajiri kwenda kazini, mama hushika njia ya Gikomba kutafuta bidhaa, na ufunguo wa nyumba hubaki mkononi mwa mtoto wa miaka kumi.

Wazee walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika Eastlands ulimwengu huo hauko mbali. Uko nje ya mlango. Uko katika vituo vya matatu, kandokando ya Mto Nairobi wenye maji machafu, katika jaa la Dandora ambako watoto huokota chupa na vyuma vya kuuza, na katika vichochoro wanamokaa vijana wasio na kazi wakivuta bangi. Mwalimu huyo hadai karo, wala hafungi shule yake.

Mwaka 2020 ulitoa fundisho kubwa katika jambo hili. Katikati ya mwezi wa Machi serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Wanafunzi wa madarasa matatu tu waliitwa kurudi mwezi wa Oktoba. Waliosalia walikaa nyumbani mpaka Januari 2021, yaani zaidi ya miezi tisa. Shule zilipofunguliwa, walikuwako wavulana waliokwisha kuzoea fedha ya kibarua, na wasichana waliokwisha kubeba mimba, na baadhi yao hawakurudi tena. Haikuwa kwamba watoto wa mwaka ule walikuwa wabaya kuliko wenzao. Siku zilikuwa nyingi mno, na siku zisizo na mpango hupata mwenye kuzitumia.

Basi, yaweza kufanywa nini? Jibu moja lilipatikana Mathare mwaka 1987, wakati Bob Munro, mtu wa Kanada, alipoanzisha na vijana wa huko chama cha michezo kiitwacho Mathare Youth Sports Association, ambacho wengi hukijua kwa jina la MYSA. Watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, katikati ya takataka na mitaro iliyoziba. Chama kilifanya ligi, kisha kikaweka sharti ambalo halikuwa katika ligi nyingine: timu haikupata pointi kwa kufunga mabao tu, bali pia kwa kusafisha mtaa. Timu iliyoshinda mchezo ilipata pointi 3, lakini timu iliyofika na makoleo na matoroli ikamaliza zamu yake ya kuzoa taka ilipata pointi 6. Kwa hiyo mtoto aliyetaka kikombe ilimbidi kwanza ashike koleo.

Yafaa kufikiri kwa nini njia hiyo ilifaulu. Watoto hawakuhubiriwa habari za usafi. Walipewa kitu wakipendacho, wakaonyeshwa bei yake, na bei hiyo ikawa ni kazi yenye manufaa kwa jirani zao. Kadhalika, kijana aliyejitolea kufundisha wadogo au kusimamia michezo aliandikiwa pointi, na wenye pointi nyingi walilipiwa karo, fedha zikipelekwa moja kwa moja shuleni. Mwaka 1992 chama kilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Timu yake kubwa, Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoandikwa magazetini: maelfu ya jioni ambazo watoto walikuwa uwanjani, na si vichochoroni.

Mfano wa pili ni wa shule ya Starehe, iliyo jirani na mitaa hiyo. Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, waliianzisha mwaka 1959, wakiwa na vibanda viwili vya bati, ili kuwaokoa wavulana waliokuwa wakitangatanga mjini baada ya misukosuko ya wakati wa Hali ya Hatari. Griffin alijua vema kwamba kumlisha kijana hakutoshi. Yampasa naye ajione ana kitu cha kuwapa wengine. Kwa hiyo ikawa desturi ya Starehe kwamba wanafunzi wakubwa hutumia sehemu ya likizo kufanya kazi ya kujitolea bila mshahara, katika hospitali, katika ofisi za serikali na kwingineko. Kijana aliyelelewa kwa sadaka hujifunza hivyo kwamba mkono wake pia waweza kutoa.

Si kila mtoto apendaye mpira. Mwenye kupenda vitabu ana maktaba mbili za umma karibu naye, ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, na ambayo kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Matawi hayo yalikuwa yamechakaa, lakini yametengenezwa upya na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, kwa mapatano na serikali ya kaunti. Naye mwenye sikio la muziki asifikiri kwamba fidla na tarumbeta ni za watoto wa matajiri. Huko Korogocho, tangu mwaka 2008, watoto wamekuwa wakifundishwa vyombo hivyo katika mpango uitwao Ghetto Classics.

Kuna pia shule ya mikono. Kule Kamukunji mafundi wa jua kali hugonga mabati tangu asubuhi hata jioni, na katika miezi ya mwisho wa mwaka hutengeneza yale masanduku ambayo wanafunzi wa shule za bweni huyachukua Januari. Kijana akikaa siku chache na fundi aliye jamaa au jirani mwaminifu, ataona kwamba hesabu za eneo na pembe alizozichukia darasani ndizo zinazompa fundi riziki. Lakini hapa hadhari yatakiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na aliye kati ya miaka 13 na 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu. Kujifunza kazi ni jambo jema. Kumfanya mtoto kuwa kibarua ni kumwibia.

Wako wazazi ambao hutafuta masomo ya likizo, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyakataza. Wakiulizwa, husema wataka mtoto asiachwe nyuma. Lakini ukichunguza vizuri utaona kwamba wengi hawanunui masomo, wananunua mlinzi. Wataka mtu mzima mmoja awe na macho juu ya mtoto wao mpaka jioni. Haja hiyo ni ya haki, nayo yaweza kutimizwa kwa njia nyingine. Nyumba kumi za ploti moja zikikubaliana, kila nyumba ikatoa mtu mzima wa kushinda na watoto siku moja, juma mbili za siku za kazi zimekwisha kutunzwa, wala hakuna aliyepoteza zaidi ya siku moja ya pato lake. Umoja ni nguvu, nao hauhitaji kibali cha mtu.

Nyumbani nako mpango uwe wa haki. Mara nyingi msichana huosha vyombo, hufua, hupika na kulea mdogo wake, na kaka yake hurudi jioni kuuliza chakula. Hapo wawili wamekosewa: msichana hana likizo, na mvulana hana kazi. Kazi za nyumba zigawanywe kwa zamu, ziandikwe na kubandikwa ukutani, na kila mtoto apate saa yake ya kucheza brikicho, kati na mpira, maana mchezo ni haki ya mtoto. Na familia iwezayo kumpeleka mtoto kwa babu yake hata kwa juma moja imempa kitu kisichouzwa mjini, yaani lugha ya kwao, habari za ukoo wake, na ujuzi kwamba unga hautoki dukani.

Limebaki jambo moja ambalo mzazi peke yake hawezi kulitimiza. Michezo yataka uwanja, na katika Eastlands viwanja vya watoto vimekuwa vikimegwa kidogo kidogo, mara kwa ukuta, mara kwa vibanda. Waliopanga mtaa wa Kaloleni katika miaka ya 1940 waliacha nafasi wazi katikati ya nyumba, na ukumbi wa jumuiya, kwa kuwa walijua kwamba nyumba ndogo haiwezi kumtosha mtoto. Wakaaji wa kila mtaa yawapasa kujua mipaka ya uwanja wao, na kusema mapema, mawe ya kwanza yanapomwagwa. Uwanja ukishajengwa nyumba, watoto watahamia barabarani.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Januari walimu watapokea watoto waliolelewa miezi miwili na wazazi wao, au waliolelewa na kituo cha matatu, nao watawatambua katika juma la kwanza.