Gramafoni Yetu: Itengenezwe au Iuzwe?

Muhula uliopita chama chetu cha muziki kilipatwa na shauri gumu. Gramafoni ya shule, tuliyoachiwa na mwanafunzi wa zamani aliyefanya kazi Jinja, ilianza kuimba kwa sauti nzito ya kuvutavuta, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wengi walisema iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma, tununue mpya. Mimi, nikiwa mwenyekiti, ndiye niliyesema hivyo kwanza. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyogeuza shauri langu, maana huenda nanyi mna chombo cha namna hii nyumbani.

Kwanza tujue gramafoni yafanyaje kazi. Kuna sahani nzito ya chuma inayozungushwa na mota kwa gurudumu dogo la mpira, au kwa ukanda. Kuna mkono unaobeba sindano. Sindano hupita katika mfereji mwembamba wa santuri, nao mfereji huitikisa. Mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme hafifu, kisha hukuzwa hata spika ziweze kuutoa kama sauti. Katika vitu hivi, sahani na mhimili wake hudumu miaka mingi vikitiwa mafuta. Vinavyochakaa upesi ni mpira na sindano, navyo ni vidogo kuliko vyote.

Nilifanya jaribio ambalo kila mwenye saa aweza kulifanya. Santuri ndefu, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Kwa hiyo katika dakika 3 yapasa zizunguke mara 100 kamili. Nilibandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikaweka sindano juu ya santuri, nikahesabu. Nilipata 96. Nikarudia, nikapata 96 tena. Kumbe mashine haikufa. Ilikuwa ikiteleza tu.

Siku ya Jumamosi nilipewa ruhusa, nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee katika Industrial Division, upande wa Mbale wenye viwanda na karakana. Alishika sahani kwa mikono miwili, akajaribu kuitikisa, haikutikisika. "Mwanangu," akasema, "mhimili ni mzima. Mpira ndio umekuwa mgumu kama kwato. Lakini hebu niione sindano." Aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mmepigia santuri gani sindano hii?"

Hapo niliona aibu. Tulikuwa tumepigia santuri yetu ya kale ya nyimbo za Busoga, iliyo ya mizunguko 78. Santuri za namna hiyo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, na mfereji wake ni mpana. Ncha ya sindano yake ni nene karibu mara tatu kuliko ile ya santuri ndefu. Sisi tulitumia sindano moja kwa zote, nayo ilikuwa imevunjika ncha. Kila tulipoipiga santuri ile tulikuwa tukiikwangua. Sasa husikika mvumo kama mvua juu ya bati, na wimbo uko mbali nyuma yake. Gramafoni nyingine yaweza kununuliwa, lakini santuri ile hatuna mahali pa kuipata tena.

Ndipo nilipofahamu kwamba tulianza na swali baya. Tuliuliza, "Ipi ni mpya?" Ilitupasa kuuliza, "Ipi itapiga santuri tulizo nazo bila kuziharibu?" Mashine mpya niliyoitamani ilikuwa na mwendo wa 33 na wa 45 tu. Tungaliinunua, sanduku zima la santuri za 78 lingalinyamaza.

Wala tusidhani kwamba santuri za kale ni takataka. Mwaka 1950 na mwaka 1952 Hugh Tracey alizunguka Uganda akirekodi muziki wa makabila mengi, pamoja na ule wa jumba la Kabaka. Mwaka 1966 jumba hilo lilishambuliwa, na wapigaji wake wakatawanyika. Sauti zao za wakati ule twaweza kuzisikia leo kwa sababu zilinaswa mapema.

Basi kanuni niliyojifunza ni hii. Tengeneza, ikiwa mhimili haukulegea, mota haitoi harufu ya kuungua, na mpira na sindano vyapatikana. Nunua nyingine, ikiwa mhimili umelegea, au nyaya zimeoza hata kuhatarisha mtu, au sindano yake haipatikani kabisa. Na ukiletewa mashine ya zamani kutoka Marekani, soma kwanza kibandiko chake. Umeme wetu, ule uliovumisha jina la Jinja bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni wa 60, na volti zake ni nusu ya zetu. Hata ukiwa na transfoma ya kupunguza volti, mota nyingi za kale zilizopimwa kwa umeme wa kwao zitakupa hapa mizunguko 83 badala ya 100.

Fundi alilivika gurudumu mpira mpya, akasafisha mhimili na kuutia mafuta. Tuliagiza sindano mbili, moja ya santuri ndefu na moja ya santuri za 78, na kila moja ina kisanduku chake chenye jina. Gharama yote haikufika nusu ya fedha tulizokusanya. Nilipohesabu tena mbele ya wanachama wote, nilipata 100, wakapiga makofi.

Santuri ya Busoga tumeiweka kabatini, wala hatuipigi. Enyi wanafunzi wa zamani, kama mna santuri za kale nyumbani, msizitupe, wala msizipige kabla ya kuitazama sindano.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita