Boga au tikiti maji? Umbo la kiini cha atomu linavyoamua kitadumu muda gani

Kwenye vitabu vya shule, kiini cha atomu huchorwa duara kama gololi. Ukweli ni kwamba viini vingi si duara. Vingine vimebonyea kama boga, vingine vimerefuka kama tikiti maji. Na umbo hilo si urembo tu.

Iko hivi. Ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinasukumana. Nguvu ya nyuklia ndiyo inayozishika pamoja, na nyutroni huiongezea uzito. Protoni zikizidi mno, ya mwisho inakosa pa kukaa na kuanza kutafuta pa kutokea.

Lakini haitoki hapo hapo. Mbele yake kuna kizuizi cha nishati, mfano wa ukuta. Haina nguvu za kuuruka, ila kwa kanuni za fizikia ya kwanta inaweza kuupenya. Ukuta mnene unaichelewesha. Mwembamba, inachomoka fasta.

Sasa umbo linaingiaje hapo?

Protoni huzunguka ndani ya kiini, na mzunguko ukiwa mkubwa, ukuta nao unaongezeka. Kwenye kiini cha duara, protoni hiyo ina kiwango kimoja tu cha mzunguko. Umbo likibadilika, viwango vinachanganyika, na muda wa kutoka unabadilika.

Ushahidi upo. Mwaka 1998, watafiti wa Maabara ya Argonne, Marekani, waliripoti kuhusu holmiamu-141 na uropiamu-131. Muda waliopima ulikataa kulingana na hesabu za kiini duara. Walipoweka umbo lililorefuka, hesabu zikakubali.

Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, kimeongeza mifano miwili. Mwaka 2022 kilitangaza lutetiamu-149, yenye umbo la boga. Nusu ya viini vyake huoza ndani ya nanosekunde 450 hivi, yaani chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwaka 2025 ikafuata astatini-188, yenye protoni 85 na nyutroni 103: kiini kizito kuliko vyote vinavyojulikana kutoa protoni, chenye umbo la tikiti maji.

Viini hivi hupatikana vichache na kupotea haraka mno, hakuna nafasi ya kuvichunguza kwa utulivu. Muda wa kuoza ndio unaosimulia umbo lake, na kuonyesha mpaka ambao protoni zikiuvuka, kiini hakishikiki tena.