Mwenzi wa Dawati Naye ni Mfiwa

Wazee wetu walinena kwamba kifo cha wengi ni harusi. Maana yao ni kuwa msiba uwapatao watu wengi kwa pamoja hubebeka, kwa sababu kila mtu anaye mwenzake wa kulia naye. Twawaheshimu wazee, walakini twathubutu kusema kwamba ndani ya shule methali hiyo haina mahali. Darasa haliliwazwi na wingi wa waliokufa. Kila dawati lililobaki tupu lina jina lake, na kila jina lina mwenzi aliyeketi kando yake, akaazimana naye kalamu na kugawana naye muhogo wa mapumziko.

Ndugu wasomaji hawajaisahau Jumamosi ya tarehe 6 Mei, mwaka 2017. Wanafunzi wa darasa la saba wa shule moja ya msingi ya Arusha walikuwa safarini kwenda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema. Huko Rhotia gari lao liliacha njia, likatumbukia korongoni. Wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva, jumla watu 35. Watoto watatu tu waliokolewa. Wakapelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani, wakarejea nyumbani Agosti mwaka ule ule. Tarehe 8 Mei majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, wenye jina la mshairi aliyekuwa waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru wetu, na Ndugu Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, akaongoza maombolezo.

Wala si Arusha peke yake. Juni 1994 moto wa bweni uliwaua wasichana wapatao 40 katika shule ya sekondari huko Rombo. Septemba 2020 moto uliwaua watoto 10 wilayani Kyerwa. Na yako mazishi mengi ya mtoto mmoja mmoja, aliyechukuliwa na malaria, mto au barabara, ambayo hayakuandikwa gazetini.

Sasa twauliza: makaburi yakiisha kufukiwa, ni nani anayebaki na shule? Mila zetu zamjua mfiwa kwa damu. Wazazi hutandikiwa mkeka, hupewa ubani, hukaa matanga na majirani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi hatumnyang'anyi mzazi haki yake. Lakini mwenzi wa dawati hakuna ampaye pole. Huambiwa akacheze, kwa kuwa mambo ya msiba ni ya watu wazima. Kesho yake kengele hugongwa, naye hutakiwa kukokotoa hesabu karibu na nafasi iliyo wazi.

Na mwalimu je? Yeye huchukua daftari la mahudhurio, akaita majina, mpaka afike pale ambapo sauti yakwama. Mtoto yule alikuwa wake kwa saa nyingi za mchana. Pale Arusha walimu walifiwa na wanafunzi pamoja na wafanyakazi wenzao kwa siku moja, nao wakatazamiwa kuwafariji wengine. Kiwandani, mfanyakazi akifa, wenzake husimamisha kazi wakamzika. Haki hiyo twaidai kwa mwalimu pia, kwani naye ni mfanyakazi.

Kwa hiyo yatupasa shule ifiwapo ihesabiwe kuwa ni nyumba iliyofiwa. Watoto waambiwe kweli, kwa maneno mepesi, wala wasidanganywe kwamba mwenzao amesafiri. Waruhusiwe kulia, na kumtaja marehemu kwa jina. Dawati lisiondolewe usiku kwa siri. Darasa lenyewe liamue lini na kwa namna gani. Kamati ya shule na wanachama wa tawi wafike kuketi na walimu, si siku ya mazishi tu, bali hata mwezi wa tatu, wakati wageni wamekwisha kutawanyika.

Tena rambirambi isiyofuatwa na kazi ni nusu ya rambirambi. Gari lile lilichukua watu 38. Machozi hayakazi breki, wala hayafungui mlango wa bweni uliofungwa kwa nje. Dereva akatae kuzidisha abiria, hata tajiri wake akikasirika, nasi wanachama tusimame upande wake. Mzazi akague gari kabla ya kumpakia mwanawe. Mwenye bweni aonyeshe milango yake.

Waliokuwa darasa la saba mwaka 2017 sasa ni vijana wazima. Wengine wamo makazini pamoja nasi. Wakitaka kuwataja wenzao, tuwasikilize. Na watoto walio madarasani leo tuwalinde, ili daftari la mwalimu lisomwe mpaka jina la mwisho, na kila jina liitike.